Nani Aliyeizuia Sakitu Kibondeni

Sogeeni karibu. Mwenye jibu la haraka alishike kwanza, maana nitakapofika mwisho nitawadai.

Kwenye milima ya kusini, kule ambako watu huvaa makoti hata saa sita mchana, walikuwako watu watatu, na kila mmoja alijua jambo moja ambalo wenzake hawakulijua.

Wa kwanza aliitwa Lugano. Kazi yake ilikuwa kukamua ng'ombe wa watu, asubuhi na jioni, na kwa miaka mingi ya kukaa zizini alikuwa amejifunza kuusoma usiku kabla haujaingia. Alitazama moshi wa majiko, alitazama namna ng'ombe wanavyolala, alisikiliza kama upepo umekatika, kisha akasema: leo laleni salama, au leo kutaganda.

Wa pili aliitwa Yoramu, mchimba mifereji. Alikuwa mtu wa maneno machache na jicho la mteremko. Ukimpeleka mahali asipopajua, alizunguka mara moja tu, akakuonyesha kwa kidole maji yatapita wapi mvua ikinyesha, na ikinyesha yakapita hapohapo.

Wa tatu alikuwa mwanamke, Eselina, mkata nyasi za kuezekea. Nyasi alizotandaza yeye hazikupitisha tone wala baridi. Nusu ya nyumba za kijiji zilikuwa na mkono wake juu. Yake mwenyewe, aliyokaa na mama yake asiyeweza tena kuinuka kitandani, ilikuwa inavuja pembe tatu, kwa sababu kila alipopata nyasi nzuri alitokea mtu mwenye haraka kuliko yeye.

Na alikuwako Tamali. Huyu hakuwa na kipaji ambacho watu walikitaja. Walichokitaja ni ukaidi wake. Lakini hadithi hii yote ilipita mikononi mwake, kwa hiyo nitawasimulia jinsi yeye alivyoiona.

Mume wa Tamali, Obadia, alifariki mwezi wa kumi na moja, akamwachia watoto wawili na shamba zuri mlimani, mahali ambapo jua hufika mapema. Kabla mwaka haujaisha, shemeji yake Zabroni alikuja na wanaume watatu wa ukoo, akasema shamba la mlimani ni la baba yao na lazima lirudi kwenye ukoo. Yeye Tamali angepewa kibonde.

Kibonde hicho kila mtu alikijua. Udongo wake ulikuwa mweusi na laini, kijito kilipita pembeni, na hakuna aliyekitaka. Mwezi wa sita ukifika, sakitu ilishuka humo kabla ya kufika kwingine kokote. Sakitu ni ule umande unaoganda ukawa mweupe juu ya majani. Usiku unaiona kama unga uliomwagika. Jua likipiga, majani yanalegea, na kufika adhuhuri yamekuwa meusi, kana kwamba mtu amepita na moto. Kwa miaka miwili ya karibuni hali ilikuwa mbaya zaidi, hata majani ya ng'ombe yalikuwa yakikauka humo.

"Kodisha kwa wafyatua matofali," Zabroni alimshauri. "Au rudi kwenu. Hakuna atakayekulaumu."

Tamali hakukodisha, wala hakurudi kwao. Mwezi wa nne alilima kibonde chote kwa jembe la mkono, akapanda viazi.

Habari zilifika kwenye mkutano wa kitongoji. Zabroni alisimama mbele ya watu, akatabasamu, akasema anamhurumia shemeji yake. Viazi vitatoa maua, alisema, na vikishatoa maua vitaungua, na watoto wa marehemu kaka yake watashinda njaa kwa sababu ya kichwa cha mama yao.

Tamali naye alisimama. Sauti yake ilitoka sawa.

"Na visipoungua, shemeji?"

Watu walicheka. Zabroni alicheka pia, na kwa sababu watu walikuwa wakimtazama, akasema zaidi ya alivyokusudia. "Visipoungua, kibonde ni chako na wanao, ukoo hautakigusa tena. Na yule atakayeizuia sakitu kibondeni, awe nani, nitampa mtamba wangu mwekundu, yule mwenye mimba."

Mwenyekiti wa kitongoji, mama mmoja asiyependa mzaha kwenye mikutano, alimwuliza kama amesema kweli au anatania. Zabroni aliangalia huku na huku, akaona hawezi kurudi nyuma. "Nimesema kweli," alijibu.

Basi viazi vilimea. Mwezi wa tano vilikuwa vimefunika matuta. Mwezi wa sita ulipoanza vikatoa maua meupe na ya zambarau, na watu waliokuwa wakipita njia ya juu walisimama kuvitazama, kisha wakaondoka wakitikisa kichwa.

Lugano alikuwa akikamua ng'ombe wa Zabroni. Jioni moja alimpitia Tamali akamwambia usiku ule kungeganda. Tamali na watoto walikesha wakikusanya majani ya migomba na magunia, wakafunika walichoweza. Hakukuganda. Saa saba usiku upepo ulivuma kutoka mashariki, ukavuruga baridi, asubuhi viazi vilikuwa vizima na Tamali alikuwa kichekesho. Wanawake kisimani walimwuliza kama amevisomea viazi hadithi ili vilale. Lugano naye alichekwa zizini, na Zabroni akamwonya mbele ya watu: nakulipa kukamua, sikulipi kuagua.

Siku tisa baadaye, Lugano alikuwa ameshika ndoo chini ya ng'ombe wa tatu, jua likizama. Aliinua macho. Moshi wa jikoni kwa Zabroni ulipanda kufikia urefu wa mti, ukasimama, ukajitandaza kama shuka. Ng'ombe waliokwisha kukamuliwa walikuwa wamesogeleana, migongo ikigusana. Jani halikutikisika. Mbingu haikuwa na hata alama ya wingu.

Alikuwa na ng'ombe watano waliobaki. Alijua kwamba akimaliza giza litakuwa limeingia, na akienda sasa hataruhusiwa kurudi. Aliweka ndoo chini, akaruka ua wa zizi, akakimbia.

Tamali alikuwa akichambua maharage alipomwona.

"Leo," alisema Lugano, akihema.

"Ulisema hivyo na siku ile."

"Siku ile nilikosea. Upepo sikuutegemea. Leo hakuna upepo wa kuja, dada. Nimeacha ng'ombe matiti yamejaa. Ningeacha kazi kwa jambo nisilolijua?"

Tamali alimtazama. Akawaza ya kisimani, akawaza vicheko vya wiki nzima iliyopita, na akaona kwamba akikosea mara ya pili hatakuwa na uso wa kupita njiani. Kisha akasimama, maharage yakamwagika kutoka mapajani.

"Mwite Yoramu," alisema. "Mimi naenda kwa Eselina."

Yoramu alifika na shoka, si jembe. Alikuwa amekizunguka kibonde mara nyingi miezi ile akichimba mfereji wa Tamali, na kuna jambo lilikuwa likimsumbua. Alimshika Tamali mkono akampeleka hadi mdomo wa kibonde, upande wa chini, ambako Zabroni alikuwa amepanda ua mnene wa misonobari miaka miwili iliyopita, kuzuia mifugo, kama alivyosema.

"Chuchumaa," alisema Yoramu. "Weka mkono chini. Sasa inuka. Umeona?"

Tamali alihisi. Chini baridi ilikuwa ikiuma vidole, kifuani ilikuwa afadhali.

"Baridi inateremka," alisema Yoramu. "Inatoka mlimani kama maji, inapita humu kuelekea mtoni. Zamani ilipita ikaenda zake. Huu ua ni bwawa. Inajaa hapa usiku kucha, viazi vyako vinazama ndani."

"Ua ni wa Zabroni."

"Najua ni wa nani."

Alianza kukata. Misonobari ilikuwa michanga lakini ilikuwa imeshikana, na alikuwa amefungua hatua nne tu Zabroni alipotokea na tochi.

"Unakata mali ya mtu, Yoramu."

"Ndiyo," alijibu Yoramu, wala hakusimama.

"Nitakupeleka kwenye baraza. Utalipa kila mti."

"Nipeleke."

Zabroni alimgeukia Tamali. "Shemeji, mwambie aache. Ukimwachia, kesho hii kesi itakuwa yako."

Tamali aliokota matawi yaliyoanguka na kuanza kuyaburuta pembeni ili njia ibaki wazi. "Nilikuwa na shamba mlimani ambako sakitu haifiki," alisema bila kumtazama. "Kama unanitafutia kesi, tuanze na hiyo."

Zabroni alisimama kidogo na tochi yake. Kisha akaenda. Yoramu akakata hatua kumi na mbili, mpaka mikono ikatoka malengelenge yakapasuka, na kabla hajamaliza wote wawili walihisi hewa ikianza kutembea miguuni mwao, polepole, ikitoka.

Eselina naye alikuwa na mizigo arobaini na miwili ya nyasi. Alikuwa amezikata tangu mwezi wa tatu, mbali, akizibeba kichwani, na safari hii alikuwa ameapa kwamba ni za paa la mama yake, na alipanga kuanza kuezeka Jumatatu. Jioni ile, kabla Yoramu hajaja na shoka, Tamali alipofika mlangoni pake alishindwa kusema, kwa sababu alizijua nyasi zile zilikuwa za nini.

"Sema tu," alisema Eselina.

"Sakitu inashuka leo. Magunia niliyonayo hayafiki hata robo ya shamba."

Ndani mama yake alikohoa. Eselina akaingia, wakazungumza, akatoka.

"Nyasi zikilowa na kuganda hazifai tena kuezekea," alisema. "Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Na mvua za mwezi wa kumi zitanikuta bila paa."

"Najua, Eselina. Ukikataa nitakuelewa."

"Sijasema nakataa. Nataka tu ujue unachoomba." Akajitwisha mzigo wa kwanza.

Mizigo arobaini na miwili. Waliibeba wanne hao, na watoto wa Tamali wakakata kamba. Eselina peke yake ndiye aliyejua kutandaza: nyasi zisilale zikaminya majani, zisimame zimeegemeana, ziache nafasi ili joto la udongo libaki ndani. Kila wengine walipotandaza, alipita nyuma yao akarekebisha. Saa saba usiku nyasi zilikwisha. Matuta manne ya mwisho yalibaki wazi.

Lugano akasema sasa waende walale, hakuna la kufanya tena. Wote watatu walilala kwenye jiko la Tamali, karibu na moto, kama magogo.

Tamali hakulala. Alikaa shambani amejifunika blanketi, na saa kumi alfajiri aliona weupe ukija. Ulianza kwenye matuta manne yaliyo wazi, ukang'aa chini ya nyota, kisha ukapanda juu ya nyasi. Aliingiza mkono chini ya nyasi, akapapasa jani. Lilikuwa na ganda jembamba, jembamba sana. Alikumbuka kwamba si baridi peke yake inayoua, jua nalo linamalizia, likipiga jani lililoganda kwa ghafla. Akachukua debe, akashuka kijitoni, akaanza kumwagilia maji ya kijito kwa kopo lililotobolewa, tuta kwa tuta, kuyeyusha ganda lile kabla mwanga haujafika. Maji yalikuwa na joto kuliko hewa. Vidole vyake viliacha kuhisi baada ya tuta la sita, akafunga mpini wa debe kwenye kifundo cha mkono kwa kitambaa na kuendelea. Jua lilipogusa ukingo wa mlima alikuwa kwenye tuta la mwisho lililofunikwa.

Adhuhuri kijiji kizima kilikuwa njia ya juu. Maharage ya watu yalikuwa yameungua mpaka nusu ya mlima. Kibondeni, matuta manne yaliyokosa nyasi yalikuwa meusi tii. Kwenye kona ambako Yoramu hakuwahi kuukata ua, hata viazi vilivyofunikwa vilikuwa vimekufa, kwa sababu baridi ilikuwa imejaa pale. Kwingine kote, Eselina aliponyanyua nyasi, kulikuwa na majani ya kijani na maua.

Hakuna aliyepiga makofi. Walitazama tu, na wengine walivua kofia.

Mwezi wa saba mwishoni walichimba magunia kumi na tisa.

Zabroni, tumpe haki yake, hakukana neno lake. Alimtoa mtamba zizini, akamfunga kwenye nguzo mbele ya ofisi ya kitongoji, watu wakiwa wamejaa. Lakini alikuwa amepata muda wa kufikiri.

"Kibonde ni chake, sina neno," alisema. "Ama mtamba, nilisema yule atakayeizuia sakitu. Yule. Mmoja. Sikusema wale. Nipeni jina moja kabla jua halijazama leo. Mkishindwa kukubaliana, ng'ombe anarudi kwangu."

Mwenyekiti alikumbuka maneno yale vizuri, na alikuwa mtu wa haki hata pale haki ilipomuudhi. "Ndivyo alivyosema," alikiri. "Jina moja. Na atakayepewa hataruhusiwa kumuuza ili wagawane, maana hiyo ni kuuzunguka mkutano."

Wanne walikwenda kukaa chini ya ukuta wa ofisi, na hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu.

"Mimi sina kazi tangu siku ile," alisema Lugano. "Hakuna mwenye ng'ombe anayeniamini kwamba sitaacha wake nusu. Na nisingekuja, Yoramu angekuwa amelala na nyasi za Eselina zingekuwa uani kwake. Kila mlichofanya kilianza na mguu wangu."

"Ulikuja na siku ile nyingine pia," alisema Eselina. "Ukaja na maneno, tukabaki na maneno. Sakitu haikuzuiwa na habari. Ilizuiwa na nyasi. Tazama yale matuta manne, hayo yanasema bila mimi kusema. Na mama yangu atalala akinyeshewa mwaka huu."

Yoramu alikuwa akitazama mikono yake, ambayo ilikuwa imepona kwa makovu. "Kona ile nayo ilikuwa na nyasi," alisema. "Nyasi zako, Eselina, ulizozipanga wewe mwenyewe. Ilikufa. Mimi niliyefungua bwawa nimehukumiwa na baraza kupanda ua mpya, miti mia na ishirini, kwa mikono yangu. Sidai kwa ajili ya hukumu. Nadai kwa sababu ni kweli."

Wote watatu walikuwa wamesema kweli, na kila mmoja alijua hivyo.

Kisha Lugano akamgeukia Tamali. "Na wewe mbona husemi? Nani aliyelima mahali pasipolimwa? Nani aliyeniamini mara ya pili baada ya kuchekwa? Sisi tulilala. Wewe ulimwaga maji mpaka vidole viwili vikafa ganzi, na mpaka leo havikunjiki."

"Mimi nilikuwa naokoa changu," alisema Tamali. "Ninyi mliokoa cha mtu."

"Hilo linakuongezea au linakupunguzia?" aliuliza Yoramu.

Kule nguzoni Zabroni alikuwa ameegemea, mikono kifuani, akiwatazama wakibishana. Tamali alimwona. Aliona pia kwamba hicho ndicho alichokuwa akikingoja tangu asubuhi, na moyo wake, uliokuwa umelegea kwa huzuni, ukakaza tena.

"Sikilizeni," aliwaambia wenzake. "Tukiendelea hivi jua litazama na ng'ombe atarudi kwake. Niachieni mimi nitaje. Atakayetajwa ampokee, na wengine watatu wasimame nyuma yake mbele ya watu, bila kunung'unika, hata kama jina ni langu. Mnakubali?"

Lugano alikubali kwanza. Yoramu akaitikia kwa kichwa. Eselina alichelewa, akamfikiria mama yake, kisha akasema, "Nakubali. Lakini taja unachokiamini, si anayekutia huruma."

Walisimama wakarudi mbele ya ofisi, bega kwa bega. Jua lilikuwa limebakiza upana wa kiganja juu ya mlima. Watu walifungua njia. Zabroni alijinyoosha.

"Mmeshindwa?" aliuliza.

"Hatujashindwa," alisema Tamali. "Fungua kamba uishike mkononi, shemeji. Jina unalipata sasa hivi, na utampa mwenyewe, mbele ya watu wote, ukimtazama machoni."

Zabroni akafungua kamba. Tamali akavuta pumzi, akafungua kinywa.

Na mimi nanyamazia hapa. Nimekwisha kusimulia kisa hiki kwenye vijiji vingi, na sijaondoka kijiji hata kimoja bila watu kugombana. Wapo wanaosema Lugano, aliyeusoma usiku akapoteza kazi. Wapo wanaosema Yoramu, aliyelikata bwawa la baridi akabeba hukumu. Wengine Eselina, aliyelitoa paa la mama yake likalale shambani. Na wapo wasioondoka kwa Tamali, ambaye bila ukaidi wake kusingekuwa na kiazi cha kuokolewa.

Sasa ni zamu yenu. Jua linazama, Zabroni anangoja, na mtamba ni mmoja. Wewe uliyekaa hapo, na wewe mtoto uliyekuwa ukitikisa kichwa tangu mwanzo: ungelitaja jina la nani, na wale watatu wengine ungewaambia nini mkiwa njiani kurudi nyumbani?